Kwetu Mlango Hugongwa Mara Tatu

Zaina, mwanangu na mama yangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa klabu, na mimi nimefunga kibanda changu cha malewa mapema, nikawaambia wateja wa chakula lituma ya ndizi imeisha. Haijaisha. Sufuria iko hapa pembeni yangu, imejaa, mtakula wewe na baba yako akirudi kutoka bandarini. Huo ni uongo mdogo. Nimekaa hapa niutoe ule mkubwa.

Barua hii nitaitia ndani ya glavu yako ya kushoto. Nakujua. Glavu ndizo unazozipanga mwisho, baada ya kuzinusa na kukunja uso. Kwa hiyo utanisoma leo jioni, kabla ya ndege ya kesho, ukiwa bado ndani ya nyumba hii na mimi nikiwa chumba cha pili. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu wiki nzima, na kila mara nimeishia kukuuliza kama una njaa.

Sitakuandikia habari za kula, kulala na wanaume wa Johannesburg. Chakula utapangiwa na kocha, na wanaume hao nawaonea huruma. Majirani wananicheka: vita vimerudi huko mashariki, watu wanaingia mjini na magodoro vichwani, na binti wa Mama Zaina anapanda ndege kwenda kulipwa ili apigane ndani ya uzio wa waya. Mimi sicheki. Ndani ya ule uzio kuna mwamuzi, kuna kengele, na kuna njia ya kusema basi hata kama huna sauti. Unagonga kwa kiganja, na mwenzako anakuachia. Kwenye vita nilivyoviona mimi hakuna aliyeachiwa kwa kugonga.

Nataka tuzungumze kuhusu lile kofi.

Miezi mitatu imepita na hatujalitaja. Ulikuwa umeshinda pambano lako la kwanza la kulipwa hapa nyumbani, ukumbi umejaa hadi madirishani, vijana wanaimba jina lako. Ulifikiri nimebaki malewa, maana tangu uanze michezo hii sijawahi kuja kukutazama. Nilikuja. Nilikaa safu ya mwisho na kitambaa nimejifunga hadi kwenye nyusi, nyuma ya mwanamume mmoja mnene aliyekuwa anakula karanga. Nilikuona unamkamata kwa nyuma yule msichana wa Isiro, Mado. Nilikuona unapitisha mkono chini ya kidevu chake, na mwamuzi amesimama upande usiofaa. Mado akagonga. Kelele zilikuwa nyingi, lakini ile sauti naijua kuliko ninavyojua jina langu, na niliisikia kutoka safu ya mwisho. Aligonga mara mbili. Hukuachia. Akagonga tena, mkono umelegea, na ndipo mwamuzi akazunguka, akakuvuta.

Ulirudi nyumbani unang'aa. Nikakuuliza kama ulimsikia alipogonga.

"Nilisikia, mama," ukasema. "Lakini arbitre hakukuwa anaona. Sasa mi naachilia juu ya nini? Akikatala kwamba hakupiga, je?"

Nikakupiga kofi mbele ya baba yako. Wewe, ambaye ungeweza kunikunja kama kitenge. Ulisimama tu, umeshika shavu, ukasema, "Mama, nilishinda!" Na mimi nikaingia jikoni, nikaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ulidhani nakuonea wivu, nimesikia ulivyomwambia baba yako. Hapana, mwanangu. Niliona mkono wangu mwenyewe kwenye mwili wako, nikaogopa sana.

Kesho yake Mado alikuja malewa. Hukujua hilo pia. Alikuja na skafu shingoni kwenye joto lile, akaomba mchuzi wa samaki peke yake kwa sababu lituma haikuweza kupita kooni. Sikumwambia mimi ni nani, lakini alijua, mji huu hauna siri. Alikunywa polepole, kisha akasema bila hasira, "Zaina iko na nguvu, mama. Mbaya ni moya tu: mukono yake haina masikio. Nilipiga mara mbili, halafu mara ingine. Nikamuona nkoko yangu, bibi yangu ule alikufaka, anasimama pale na kitambaa yake ya kanisa."

Akacheka, akakohoa. Nilipomsikia anakohoa ilibidi niende nyuma ya nyumba nikashike ukuta. Sikuchukua pesa yake.

Sasa nisikilize. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini niliacha judo, maana ulikuta picha yangu na mkanda wa kahawia ndani ya sanduku la bibi yako. Nikakuambia goti liliharibika. Umelihurumia goti hilo maisha yako yote, umenibebea maji kwa ajili yake. Goti langu ni zima, Zaina. Wakati mwingine nilisahau hata ni lipi nililosema ni bovu, nikachechemea kwa lile lingine, na baba yako akaniangalia tu, kwa kuwa yeye ni mtu wa amani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa wasichana watatu tu kwenye klabu yetu ya mtaa wa Tshopo, na Maître, mwalimu wetu, alikuwa fundi baiskeli, aliyetengeneza toleka za abiria mchana na kutuangusha sisi jioni. Somo lake la kwanza halikuwa kuangusha wala kuanguka. Lilikuwa hili la kugonga. Alitukabidhi shingo yake mmoja mmoja, akagonga, na aliyechelewa kuachia hata kidogo alifukuzwa siku hiyo. "Mutu akipiga, unaachilia," alisema. "Donc hakuna kufikiri. Ukianza kufikiri, bon, uko muuaji. Mukono inafunguka yenyewe."

Nyumbani nilikuwa na mdogo wangu, yule uliyepewa jina lake. Unalijua kaburi lake pale nyuma, karibu na mpapai. Hukumjua yeye. Alikuwa na miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo, kifua kibovu kilichomkohoza kila msimu wa mvua, na mdomo ambao haukujua kupumzika. Aliniita yaya, kama mdogo yeyote anavyomwita mkubwa wake, lakini yeye alilitamka kwa kelele, kama mtu anayeita toleka upande wa pili wa barabara. Kila jioni nilipotoka klabu aliniruka mgongoni hapo uani kabla sijavua viatu.

"Yaya, leo nitakukamata!"

"Weye? Utakamata nini? Kamata kwanza kuku."

Tulikunjana juu ya mkeka mpaka bibi yako atugombeze. Nilimfundisha kugonga. Alilipenda hilo kuliko michezo yote, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mtoto mdogo alipata neno ambalo mkubwa lazima alitii. Alilijaribu na kulijaribu tena. Nikimkamata anagonga, nikimwachia anacheka, ananirudia.

Siku moja akaniuliza, ameniangalia machoni kabisa, "Ata ukiwa na kasirani, yaya, nikipiga mara mbili utaniachilia?"

"Ata nikiwa na kasirani."

"Ata Papa akisema hapana?"

"Ata Papa akisema hapana."

"Apa."

Nikaapa. Nilipitisha kidole shingoni na kukiinua juu, kama tulivyokuwa tunafanya watoto wote wa mtaa ule.

Kisha vikaja vile vita vya siku sita. Umevisikia kila mwaka tunapokumbuka wafu wetu, sitakurudishia yote. Majeshi mawili ya kigeni yalipigania mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao, na sisi tulikaa katikati, karibu na daraja la Tshopo, mahali pabaya kuliko pote. Babu yako alikuwa amevuka mto kwenda Lubunga asubuhi vilipoanza, kununua mpunga, na mitumbwi, zile pirogi, ikaacha kuvuka. Tukabaki bibi yako, mimi, Zaina, na jirani yetu Mama Odette na kichanga chake cha wiki mbili. Tulilala chini ya kitanda cha wazazi wangu, magodoro yamewekwa juu na pembeni. Mabomu yalikuwa yanapita juu ya paa. Baada ya siku mbili hatukuyahofu tena kama mwanzo. Tulichohofia ni miguu ya watu.

Siku ya tatu, mchana, mabomu yalinyamaza kidogo, tukasikia lango la uani linasukumwa. Viatu. Watu wengi, wanazungumza lugha tusiyoijua. Tulikuwa tumesikia yaliyotokea nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi yako alikuwa amelala kifudifudi upande wa ukuta. Mama Odette alimpa mtoto ziwa ili asilie. Na Zaina alikuwa mbele yangu, mgongo wake kifuani pangu, na vumbi la udongo lilikuwa linamwagika kutoka ukutani, na nikasikia kifua chake kinajikusanya. Mtu aliyelala na mtoto mwenye kifua kibovu anajua kikohozi kabla hakijatoka.

Nikamziba. Kiganja cha kulia mdomoni na puani, na mkono wa kushoto nikaupitisha shingoni kumshika asijitikise. Sikuchagua kumshika hivyo. Ndivyo mikono yangu ilivyojua kushika.

Alikohoa ndani ya kiganja changu mara moja, mara mbili. Alijipinda. Viatu vilikuwa vimefika chini ya dirisha. Nikambana zaidi, nikasema moyoni, bado kidogo, mdogo wangu, bado kidogo.

Ndipo akagonga. Kiganja chake kidogo juu ya mkono wangu wa kushoto, hapa, chini kidogo ya kiwiko. Pa, pa. Si kwa fujo. Alinigonga vizuri kabisa, jinsi nilivyomfundisha, na kisha akatulia kungoja, kwa sababu niliapa.

Sikumwachia.

Nimeliandika, Zaina. Miaka ishirini na mitano sijawahi kuliandika wala kulitamka, na sasa liko kwenye karatasi na paa bado liko juu ya nyumba.

Hakugonga tena. Mado aligonga mara tatu kwa sababu hakukuamini tena. Mdogo wangu aliniamini.

Wale askari walikuwa wanatafuta maji. Pipa letu lilikuwa chini ya dirisha, nikasikia kikombe kinagonga bati, nikasikia wanakunywa, mmoja akacheka, na wakaondoka. Walirudisha hata lango. Labda wangetusikia wangetuua sote watano. Labda wangesikia mtoto anakohoa wakaendelea kunywa. Nimeyapima haya mawili kila siku ya maisha yangu na hayajawahi kutulia. Usijaribu kunisaidia kuyapima. Najua utataka.

Nilipofungua mkono nilifikiri amelala.

Nilisema ni bomu. Nilisema hewa ya bomu ilimpiga kifua, naye alikuwa na kifua kibovu, na watu wakaamini kwa sababu wiki ile watoto wengi walikufa bila jeraha. Bibi yako alimwosha peke yake. Kwetu, unajua, maiti haioshwi na mtu mmoja, lakini alimkataza Mama Odette asiingie, akanikataza hata mimi. Alipotoka alikuwa amemfunika uso, na hakumfunulia mtu. Babu yako alipovuka mto baada ya siku zile alikuta udongo tu. Alikufa akiwalaani wenye mabomu, nami nilikuwa namshika mkono akilaani.

Nadhani bibi yako alijua. Hakuniuliza hata siku moja. Ila nilipoanza kupiga kelele kila mtu alipobisha mlango wetu, na nikasema ovyo ovyo kwamba kuanzia sasa kwetu mlango unagongwa mara tatu, si mbili, kila mtu aliniuliza kwa nini isipokuwa yeye. Yeye alitoka nje, akafunga mlango nyuma yake, akagonga mara tatu, akaingia na ndoo yake.

Sasa unajua sababu. Wewe ulizaliwa ukakuta mlango unagongwa hivyo, ukafikiri ni desturi ya ukoo wetu wa Maniema, ukawafundisha hata marafiki zako. Sasa unajua pia kwa nini nawakaripia wateja wanaogonga meza kuita chakula, na kwa nini mvua ikianza kudondoka kwenye bati natoka nje hadi mnikute nimelowa. Mkono wangu wa kushoto unagongwa, Zaina. Si ndoto. Niko macho, natwanga ndizi, na nagongwa pale pale. Zamani nilifikiri ni mdogo wangu ananidai. Siku hizi nafikiri bado anangoja tu, na hilo ni baya zaidi.

Wewe ulipozaliwa nikakupa jina lake. Nilisema moyoni kwamba nampa njia nyingine ya kuishi. Nilikosea hapo. Mtoto mchanga hapewi mzigo wa maiti kubeba, hata kwa upendo. Nilikuita jina lake, kisha kila ulipopanda mti, kila ulipokohoa, nilikukasirikia kana kwamba umeniibia kitu. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili ukarudi na karatasi ya klabu, nikaichana. Baba yako akaomba nyingine, akaitia sahihi kimya kimya, tukanuniana mwezi mzima. Na siku ile uliyotaka kunionyesha ulichofundishwa, ukasema, "Mama, nipe shingo kidogo," nikakusukuma mpaka ukaanguka kwenye mkaa wa moto. Alama unayo mkononi. Uliniomba msamaha wewe. Mimi nikakupaka mafuta tu.

Ona ubaya wa kimya changu. Ningekuambia mapema, ungekuwa mpiganaji anayejua kitu ambacho makocha wako hawakijui. Badala yake nilikuacha ujifunze kutoka kwa kelele za ukumbi. Kwa hiyo kofi lile lilikuwa langu, wewe ulilibeba tu shavuni. Nisamehe hilo. Lile jingine siombi, mwenye kulisamehe yuko karibu na mpapai.

Huko unakokwenda watakuambia usigonge kamwe, kwamba bingwa hagongi. Wewe gonga. Ukibanwa gonga mapema, rudi na mkono wako na pumzi yako, waache waseme. Mimi nitakupikia ukirudi umeshindwa, na nitapika vizuri zaidi. Lakini hilo silo linalonitoa usingizi. Wewe una nguvu, mara nyingi watakaogonga ni wao. Mwamuzi anaweza kuwa upande mwingine. Ukumbi unaweza kuwa unaimba jina lako. Unaweza kuwa na sababu nzuri, na mimi nakuambia, sababu yangu ilikuwa nzuri kuliko yoyote utakayowahi kuwa nayo ndani ya uzio ule. Walikuwepo mama yangu na kichanga cha wiki mbili. Mtoto yule yu hai, ana watoto wawili Banalia, ananiita tantine, kama shangazi wa damu, na kuniletea samaki waliokaushwa. Namwangalia akila kwangu, nafurahi kwamba yupo, kweli nafurahi, na mkono unanigonga.

Mtu aliyekugonga anakuamini. Hata kama anakuchukia, kwa dakika ile amekuamini kuliko mama yake. Achia, mwanangu. Wakikunyang'anya ushindi kwa kuachia, njoo nyumbani na hasira zako, nitazipokea zote.

Kabla hujapanda ndege mpigie Mado. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, aliniachia. Sijui utamwambia nini. Mimi ningempa chochote mtu ambaye angeniwezesha kupiga simu kama hiyo.

Nasikia pikipiki inasimama langoni, labda ni wewe. Nikishaitia barua kwenye glavu nitaingia chumbani kwangu na kufunga mlango, nitasema nimechoka, nanyi mtakula bila mimi. Usije leo. Soma kwanza, lala nayo, umkasirikie mtu unayetaka kumkasirikia.

Lakini asubuhi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, utakuja kuniaga. Nitakuwa nimesimama nyuma ya mlango, nimevaa, nimeshika kitasa. Usigonge mara tatu, Zaina. Gonga mara mbili, nami nitafungua.

Mama yako